Mlango wa Igawilo

Kabla barabara haijapanuliwa,
mlango wa karakana ya baba, Fundi Anyosisye,
ulikuwa daftari. Upande wa ndani, kwa chaki,
niliandika mimi, kwa kuwa saba yangu haikufanana na moja.
Tulianzia chini. Rekodi mpya ilipanda juu ya ile ya zamani.

Isongole mpaka Igawilo. Madumu mawili ya maziwa,
Foniksi moja, mtu mmoja.
Kuondoka: kengele ya kanisa, saa kumi na mbili kamili,
mwinjilisti akiivuta kwa kufuata milio ya redio.
Kufika: gurudumu la mbele ligonge jiwe letu,
nami nimeikazia macho saa ya ukutani
kama anayelinda uji usifurike.

Sheria ilikuwa moja. Baba alitumbukiza kijiti dumuni:
maziwa yasipofika kwenye alama ya kisu,
muda wako ni hadithi, kawasimulie watoto.

Lugano: saa moja, dakika kumi na moja.
Mwasomola: saa moja, dakika tisa, siagi;
yaani aliyatikisa mno, yakafika yameanza kuganda,
baba akampa muda, akamnyima mkono.
Asegelile: saa moja, dakika tatu.
Hapo chaki ikakaa miaka minne.

Asegelile hakuwa na breki. Alikuwa na katambuga.
Kwenye mteremko wa Uporoto
aliukandamiza mguu wa kushoto juu ya tairi la nyuma,
na ukungu ukanuka mpira ulioungua
kabla hujamwona mwenyewe.

Jioni moja redio ikasema:
huko ng'ambo, ndani ya jumba, juu ya njia ya mbao,
mtu ameendesha kilomita hamsini na kitu
kwa saa moja. Rekodi ya dunia.
Karakana ikanyamaza. Hata pampu.
Asegelile akauliza, "Alibeba nini?"
Hakubeba kitu.
"Upepo je?"
Ukuta pande zote.
"Na mwisho akafika wapi?"
Nikamwambia: pale pale alipoanzia.

Alicheka mpaka akakaa kwenye mafuta machafu.
Kisha akaacha ghafla, akaugeukia mlango,
akaitazama namba yake
kama mtu anayehesabu chenji mara ya pili.
"Hamsini," akasema. "Hamsini, jamani."

Juni iliyofuata, baridi ikiunguza majani ya viazi,
Asegelile alilala na homa kule Isongole.
Nami nilikuwa huko kwa shangazi. Maziwa hayangojei homa.
Nikafunga kanga kiunoni, nikafunga madumu, kengele ikalia.

Sitasimulia kupanda; kila mtu hupanda kwa kulaani.
Kushuka ndiko kulikonifundisha jina langu:
machozi yakikimbilia masikioni,
miti ya pembeni ikawa ukuta mmoja wa kijani,
na pale kwenye kona lori la viazi likanibana
nikasikia maziwa yakisema neno moja, *chwa*, mgongoni.

Niligonga jiwe. Nikainua macho ukutani.
Dakika hamsini na nane.

Baba hakutazama saa, kazi hiyo ilikuwa yangu.
Alitumbukiza kijiti. Kikatoka kimelowa
nusu kucha chini ya alama.
Akakifuta kwenye suruali, taratibu, pande zote mbili.
"Umetumia muda gani?"
"Sikutazama," nikasema,
chaki ikiwa tayari imevunjika kiganjani.

Mlango huo leo ni wa banda la nguruwe la shemeji.
Wamejikuna wakawafuta Lugano na Mwasomola.
Asegelile amebaki, juu, wasikofika.
Juu yake pana nafasi ya mstari mmoja.
Nikienda kulisha huwa naipima kwa vidole.
Inatosha.