Kigingi

Miaka thelathini na minne nimeshika misumari kwa meno,
mitano mitano, vichwa nje, ncha zikinichoma ulimi,
kwa kuwa mikono ina kazi nyingine:
mmoja nyundo, mmoja kuutuliza ubao.
Marehemu baba alinionya. Naye alishika hivyo hivyo.

La kwanza lilitoka Ramadhani, ndani ya tende.
Nikaliona kiganjani, nikadhani kokwa.
La pili halikusubiri mwaka.

Si uzuri niliolilia. Sura hii haikuwa ya kuposea tena.
Ni zile herufi.
Fe ilivuja. Ve ikapuliza kama mvukuto wa mhunzi.
Na the, ile ya ncha ya ulimi chini ya meno ya juu,
ambayo maalimu wa chuo cha Langoni alitupigia bakora mpaka ikakaa,
the ikakosa pa kuegemea.
Mke wangu jina lake Thureya.
Miaka sita nimemwita Hureya,
na yeye, bila kucheka, ameitika.

"Jino la pembe si dawa ya pengo,"
waliniambia barazani, kila mmoja kwa zamu yake,
kana kwamba methali ndiyo iliyokuwa ikinitafunia chakula.
Nikawajibu: wahenga hawakuwa na titani.

Basi nikafanya hesabu kwa milango.
Jino moja, mlango mmoja wa mbambakofi, na mwimo wake.
Meno mawili, milango miwili.
Mtaliana wa Malindi akainunua yote, akaitundika ukutani.
Haifunguki, haifungwi, inatazamwa tu.
Fedha yake ikavuka barabara mpaka kwa Daktari Mbeyu.

Mbeyu alinionyesha picha ya taya langu:
mfupa mweupe, na mahali palipoliwa
kama ubao ulioingiwa na mchwa.
"Tutatoboa hapa," akasema, "tutie skrubu."
Nikamuuliza keekee yake ina ncha za namba ngapi.
Akacheka, akazipanga mbele yangu. Nyembamba kwanza, nene baadaye,
maji yakitiririka ili mfupa usiungue.
Ndivyo nifanyavyo kwa mti mgumu, nikamwambia.
Huendi na ncha nene mara moja, utapasua.
Kwa ganzi sikusikia uchungu. Nilisikia sauti,
sauti ya karakana yangu, ikitoka ndani ya kichwa changu.

Kisha akanirudisha Lamu na pengo lile lile.
"Miezi minne. Mfupa uikubali kwanza."
Hapo ndipo nilipomwamini.
Mimi pia huwaambia wenye nyumba: ubao uachwe ukauke.
Ukiulazimisha leo, kesho utajipinda, mlango ugome.

Miezi minne ya uji na mahamri ya kuchovya,
Thureya akinichambulia samaki miiba
kama kitinda mimba wake.
Usiku nilipitisha ulimi juu ya ufizi, nikisikiliza.
Mfupa hausemi.

Safari ya pili Mbeyu akakazia meno juu ya skrubu,
rangi ya chai ya maziwa. Nilimwomba yafanane na wenzao.
Nimeshika misumari kwa meno maisha yangu yote.
Sasa msumari ndio unaoyashika meno.

Njia nzima kutoka Mokowe nilifanya mazoezi,
the, the, the, watu wakinitazama.
Nikapanda ngazi za nyumbani, nikasimama mlangoni mwa jiko, nikaita:
Thureya.

Alikuwa akikuna nazi. Hakugeuka.
Nikaita tena, kwa ukamilifu, kama mbele ya maalimu.
Mbuzi ikanyamaza.
"Nani huyo," akauliza, "mwenye sauti ya mume wangu wa ujanani?"

Natafuna muwa sasa. Natafuna mahindi ya kuchoma.
Misumari naitia mfukoni.
Lakini taa ikizimwa huniomba,
nami huurudisha ulimi nyuma, mbali na titani,
nikamwita kwa lile jina lililozaliwa pengoni.