Ukufi wa Mchele

Kila alipopika, kabla sufuria haijaona moto,
mama alichota kwanza ukufi wa Mungu,
akaumimina kwenye kopo jekundu la bati.
Tulikuwa saba. Ukufi haukupungua.

Leo Jumapili, Aizawl imefunga maduka,
ukungu umekaa mlimani kama mgeni aliyealikwa,
ngoma ya kanisa inalia mara ya pili,
nami, Zodinpuii, natafuta viatu vya kwenda na mkoba.

Sijakosa ibada hata moja mwaka huu.
Karani ameandika: yupo, yupo, yupo.
Lakini nilipoinama kuomba
nilikuwa nahesabu faida ya magauni ya Seoul,
na Hmingi, anayenidai salamu tangu Krismasi,
nilimpita mlangoni nikiimba sauti ya pili.

Jana mkusanyaji alikuja na gunia lake.
Akafungua kopo, akachungulia, akanyamaza.
Ni binti mdogo, hajajifunza kuficha uso.
"Mama, mko wangapi humu?"
Wawili, nikasema.
Na simu nne.

Ee Bwana, mkono huu umenenepa, pete zimeubana,
iweje unachochota kienee kwenye kizibo cha soda?
Hukunitaka nifike tu. Najua.
Kufika, nimefika.

Jioni napima mchele.
Nachota. Nautazama. Narudisha nusu.
Halafu, kwa kulionea haya kopo lile lile,
nachota tena.

Hmingi hunywa chai ya rangi.
Maji yanachemka, vikombe viwili viko mezani,
na sijui kama nitavuka ngazi nikabishe hodi.