Ncha Nyekundu

Makopo mawili ya chuma, rangi ya kijani iliyochoka,
nyuma ya debe la rangi na viatu vya theluji vya mama.
Nilipofungua la kwanza, kifuniko kikakohoa
harufu ya mafuta ya bunduki, harufu ya baba.
Risasi mia mbili na arubaini, nimezihesabu mara mbili,
kila moja imechovywa wekundu nchani
kama kidole kilichotoka kwenye hina.

Jumamosi nikazipeleka kwenye uwanja wa shabaha,
maili kumi na moja nje ya Winnemucca.
Ostrander akatia mkono koponi, akautoa upesi
kama aliyegusa sufuria jikoni.
"Hizi hapana." Akanyosha kidevu kuelekea ubaoni:
RISASI ZA KUMULIKA MARUFUKU.
Chini yake mtu kaongeza kwa kalamu ya wino mzito:
hata wewe, Dwayne.

Hakuhitaji kunieleza. Kilima kilikuwa nyuma yake,
cheusi tangu Agosti, kama chungu kilichosahauliwa motoni.
Risasi moja tu. Dwayne alitaka kumwonyesha mwanawe
jinsi inavyochora njia yake angani.
Upepo ukamalizia mchoro: ekari elfu tatu,
ua lote la mashariki,
na ng'ombe kumi na wanne wa Maite Etcheverry
waliokutwa wamesimama kwenye kona ya seng'enge,
wamesimama bado.

Kila mtu ana ushauri, na ushauri hautozwi kodi.
Ngoja Januari, akasema jirani, upige kwenye theluji usiku,
utalia kwa uzuri wake.
Uza, akasema shemeji, wapo wanaonunua chochote kiwakacho.
Fukia, akasema fundi wa gari, asitoe hata kichwa chini ya boneti.
Lakini ardhi hii haiweki siri. Upepo wake ni mmbea.
Nimeona fuvu la kondoo likirudi juu
baada ya miaka saba, meno yote yapo.
Maite peke yake hakushauri.
Alikoroga kahawa isiyo na sukari,
akakoroga,
akaniuliza kama mama bado anaumwa goti.

Baba hakuwahi kufungua mlango usiku
kabla ya kuzima taa.
Tulijikwaa kwa mbwa, kwa ndoo, kwa viti,
mama akimtukana kwa upole gizani.
Nilimuuliza mara moja, nikiwa na miaka tisa.
Akasema kuna risasi inayopeleka barua mbili:
moja kwa unayempiga, kumwambia inakuja,
na moja kwa rafiki yake, kumwambia ilikotoka.
Nani alikuwa na bunduki siku hiyo, wewe au yeye?
Akaniambia nikalale.
Kwa nini basi alizitunza miaka hamsini
mahali pakavu, zisishike kutu?
Hilo amekwenda nalo.

Jumatatu, ofisi ya sherifu. Karani anamung'unya peremende.
Anahesabu kwa ncha ya penseli, kumi kumi,
anafika mwisho, ananitazama juu ya miwani.
"Umeandika mia mbili na arubaini.
Hapa ni mia mbili thelathini na tisa."
Koti langu likawa zito upande mmoja.
Nikaitoa. Ilikuwa ya moto kwa joto la mwili wangu tu.
Hakunikemea. Akaiweka na wenzake,
akageuza fomu: Thamani?
Nikaandika sifuri. Nikaikata.
Nikaacha nafasi wazi, naye akapiga muhuri juu yake.

Usiku mbwa analia kibarazani, anataka kuingia.
Nimeshika kitasa.
Mkono wa pili, bila kuniuliza,
umeshafika ukutani, kwenye swichi.