Kituo

Niliweka nguzo ya kuchajia magari, Wete,
nyuma ya benki, penye ukuta wa chokaa unaomomonyoka.
Nyaya nne, swichi kuu moja,
na udongo mwekundu uliyonipaka mpaka nyusi.
Machano, aliyenishikia ngazi, akauliza:
"Fundi, likishajaa, linakwenda wapi?"
"Popote. Lenyewe."
Akacheka. "Popote, na barabara yetu ni moja."

Umeme wenyewe waja kwa waya uliolala chini ya bahari
kutoka Tanga, kama mtu aliyezamia.
Ukikatika usiku, mji mzima hulitaja shirika,
na halitajwi kwa dua.

Siku ya uzinduzi likashushwa na utepe wake.
Jeupe, kimya, friji iliyojifunza kutembea.
Kiti cha dereva kitupu.
Watoto wakachungulia chini ya usukani kutafuta jini.
Bwana mmoja wa tume, koti limemganda mgongoni,
akasema huu ndio usafiri wa kesho.
Tukapiga makofi. Na miye nilipiga;
nilikuwa nimeshalipwa nusu.

Likaenda. Lilikwenda vizuri, sitalisingizia,
likapinda kona ya Limbani bila kukwaruza jani,
hadi penye majamvi ya Bi Salha Kombo,
karafuu zimeanikwa hadi nusu ya lami, kama kila msimu.
Likasimama.
Halikupiga honi. Halikushusha kioo likasema,
"Mama, hujambo, nisogezee kidogo."
Liliwasha taa za pembeni, tik, tik, tik,
likazikodolea karafuu
kama mtu aliyepewa barua ya hati asiyoijua.
Bi Salha naye akalikodolea.
Robo saa, yakhe,
na hakuna aliyemshinda mwenzake kwa subira.

Kisha akainama dirishani, akakiuliza kiti,
maana hapakuwa na mwengine wa kuulizwa:
"Linachukua wangapi hili?"
Wanne, akajibu yule bwana kutoka nyuma.
"Na hili likishapita, jengine linakuja saa ngapi?"

Bwana akaikunja karatasi yake.

Bi Salha ana binti, Time, mkunga wa zamu,
hutoka hospitali saa tatu usiku,
na saa tatu usiku Wete haina cha kumbeba mtu,
hata cha mbao.
Hutembea hadi Pandani,
mvua ikinyesha viatu mkononi,
tochi ya simu, asilimia sita.

Siupingi umeme. Umeme ndio unaonipikia wali.
Nautaka, lakini nautaka ndani ya basi refu
ambalo mwenye mimba halipandi kwa bismillahi tatu,
lenye saa zake zimebandikwa ukutani
na dereva tunayemjua jina,
tupate wa kumsema akichelewa.
Gari lisilo dereva!
Sisi tuna vituo visivyo gari miaka mingi,
na hatukuvikatia utepe.

Washairi husema kituo ni mshororo wa mwisho,
pale ubeti unapopumua.
Njiani si hivyo. Njiani, kituo ndipo mtu anapoanza.

Jana usiku nilirudi kuikagua nguzo. Inafanya kazi.
Gari halipo, limepelekwa Unguja
likafundishwe karafuu.
Chini ya taa yangu ya kijani alikaa Time, na sare yake,
simu ameichomeka kwenye tundu dogo
nililoliacha kwa ajili ya mafundi.
"Asilimia ngapi?"
"Arubaini. Yatosha kufika Pandani."
Akachomoa, akakaza kamba za viatu,
akashika njia kwa miguu.