Matone Matatu

Kisiwani Takile wanaume ndio wafumao kofia.
Nilijifunza nikiwa na miaka saba, nyuma ya kondoo,
uzi umenizunguka shingoni, sindano tano mkononi,
nyembamba, zilizochongwa kwa spoki za baiskeli,
ingawa kisiwa chetu hakina baiskeli hata moja,
ni ngazi za mawe tu, kupanda na kushuka,
na pumzi inayokwisha kabla ya safari.

Nilipomtaka Silveria, babake hakuniuliza shamba.
Hakuniuliza viazi, wala kondoo, wala ukoo.
Alisema, "Lete kofia."

Nikafuma miezi minne.
Nikafuma jikoni, nikafuma msibani kwa shangazi,
nikafumua safu kumi na tisa kwa ajili ya ndege mmoja
ambaye bawa lake lilipungukiwa kitanzi.
Mama akasema, "Nani atamwona ndege huyo?"
Nikasema, "Nazario Huatta atamwona."

Siku yenyewe akaigeuza kofia juu chini, kama bakuli,
mbele ya wajomba, mbele ya mbwa,
akamimina maji ya ziwa mpaka ukingoni.
Sote tukainama kuitazama kwa chini.
Mtoto mmoja akapiga chafya, akafinywa.
Likatoka tone. Likaning'inia, likafikiri, likaanguka.
La pili.
La tatu.
Kisha basi.

"Matatu," akasema,
akanivika kofia na maji yake yote.
Nilioa nikiwa nimelowa chapachapa.

Tangu hapo jina langu likapotea nyumbani kwake.
"Matone Matatu, nipe chumvi."
"Matone Matatu, paa lako nalo linavuja?"
Hata Silveria, tukigombana: "Nilionywa mimi. Kwa maji."
Siku tulipomzika mtoto wetu wa kwanza
ndiyo siku pekee aliyoniita Eleuterio,
na sikuipenda sauti ya jina langu kinywani mwake.

Mwaka jana mikono yake ikaanza kutetemeka.
Kijiko kilifika mdomoni kitupu.
Usiku tulizisikia sindano zikigongana, ti, ti, ti,
kama meno ya mtu mwenye baridi.
Hatukumwambia aache. Nani angemwambia?
Kitanzi kilimponyoka, akakifuata
kama unavyomfuata mwanakondoo aliyeingia korongoni,
akakirudisha kwa matusi ya Kikechua, ya upole kabisa.

Ilimchukua majira yote ya mvua.
Kisha akamwita Yoel, mwanangu, akamvika.

Ndege walikuwapo. Hakuna aliyekuwa na mabawa sawa.
Mmoja alikuwa na miguu mitatu.
"Babu, huyu ni nani?"
"Huyo ni babako."

Usiku, wote wamelala, nikaichukua ile kofia.
Sijui kwa nini. Pengine kisasi kidogo,
cha ukubwa wa tone.
Nikaishika juu ya beseni, nikamimina kikombe kimoja.
Maji hayakusita. Yalipita
kama waumini mlangoni pa kanisa misa ikiisha.
Nami nikabaki na sufu nzito mkononi,
na aibu ya mtu aliyefungua barua isiyo yake.

Nikaikamua polepole nisizivute safu.
Nikaiweka kwenye mawe ya jiko yenye joto bado,
nikakesha nikiigeuza, upande huu, upande huu,
ikauke kabla mtoto hajaamka.

Alfajiri Nazario akaipapasa.
Vidole vyake vinatetemeka, lakini havijasahau.
Vikafika kwenye ukingo, penye unyevu, vikatulia.
Akaniangalia kitambo.
"Mangapi?"
"Matatu," nikasema.

Akacheka mpaka akakohoa, mpaka Silveria akaja na maji.
"Mwongo wee," akasema, "mwongo mkubwa,"
huku akimvuta Yoel kofia ifunike masikio,
maana upepo ulikwisha anza kutoka ziwani.