Jumamosi ya Pili, Valdivia

Mvua ya Valdivia haijui kubisha hodi.
Hupanda nasi ngazi za kituo cha zimamoto,
hukaa kwenye makoti, huchuruzika hadi sakafuni,
na Fresia, mweka hazina wa hazina isiyokuwepo,
hututandazia magazeti ya juzi, tukakanyaga
uchaguzi, mpira, bei ya siagi.

Kazi yangu mimi ni birika na waya wa umeme.
Mwaka wa sita sasa. Sijamfundisha mtu kitu.
Najua tu ni soketi ipi hutema cheche.

Mezani zimepangwa mashine zilizofukuzwa kazi.
Moja ya shule ya Niebla, mgongoni imeandikwa MBOVU.
Moja haina herufi E: mwenyewe huiokota E
kwenye sentensi za watu wengine,
huinakili, huibandika, moja moja,
kama anayechambua mchele.
Dukani waliambiwa: zimekwisha, nunueni mpya.
"Hazijafa," anasema Nahuel, miaka kumi na mitano,
mdomo umejaa mkate. "Zimesingiziwa."
Kisha anamgeukia mgeni:
"Linux ni yai, mjomba. Kuna kiini, kuna ganda.
Wewe utaongea na ganda.
Kiini kina shughuli zake."

Bi Edelmira aliingia saa kumi na moja
na kompyuta ya marehemu mumewe ndani ya taulo,
taulo ndani ya mfuko wa mkate.
Ottmar aliinamisha sikio.
Diski ilikuwa ikigonga
kama mtu aliyefungiwa chooni.
"Umeiwasha mara ngapi?"
"Kila usiku, tangu tumzike."
"Basi, mama. Usiiwashe tena. Kila ukiiwasha unaikwaruza."
Akachomeka flashi, akaamsha mfumo kutoka nje,
akaiamuru inakili kipande kwa kipande:
panapouma, iruke; ikimaliza panapokubali,
irudi pale panapouma, ijaribu tena, taratibu.

Asilimia sitini na mbili, king'ora kikalia.
Ottmar ni wa zimamoto kabla hajawa wetu.
Buti, kofia, ngazi mbili mbili, akatoweka.
Kahawa yake ilibaki inafuka.
Fresia akaandika kwenye bahasha: MSIGUSE. ANARUDI,
akaiegemeza kwenye kioo.

Tukakaa.
Chumba kilipaswa kufungwa saa tatu, hakikufungwa.
Mtu alijaribu printa, printa ikagoma;
kila mwezi hugoma, tumeizoea kama shemeji.
Bi Edelmira akauliza mistari ile inasema nini.
Nahuel akamsomea: "Imeruka. Imerudi. Imeruka."
"Ndivyo alivyokuwa akisoma barua za benki," akasema.
Nikamwongezea chai. Sikuwa na la kuongeza zaidi.

Saa nne kasoro, Ottmar akarudi ananuka moshi,
nyusi moja fupi kuliko mwenzake.
Ghala la mbao, hakuna aliyeumia. Asilimia tisini na nane.
"Hiyo mbili," akasema, "tumsamehe."

Picha zilikuwa nusu: mbwa bila kichwa,
harusi iliyokatika mabegani, anga ya kijivu
ambayo huenda ni hitilafu, huenda ni Valdivia.
Barua ya mapenzi, hapana. Hata moja.
Kulikuwa na jedwali, limepangwa kwa uangalifu
ambao, alituambia, hakuwahi kuutumia kwenye soksi zake:
wadaiwa wa kuni, jina kwa jina, mita kwa mita.

Mstari wa kumi na tisa:
*Teodosio, nyumba ya bati. Hualle kavu, mita moja na nusu.
Ana mtoto mgonjwa. Usimkumbushe.*

Teodosio ni mimi.
Mtoto alipona. Ana miaka tisa, ana mbwembwe.
Kuni nilizisahau jinsi mtu anavyosahau homa.

Hakuna aliyenitazama, ila Nahuel, ambaye hajui kutotazama.
Bi Edelmira alivaa miwani, akausoma mstari ule,
akavua miwani.
"Hilo," akamwambia Ottmar, "nakili mara mbili."

Nikaanza kukunja waya.
Ni wa mita kumi.
Nilikuwa sijamaliza wenzangu waliposhuka ngazi.