Mto Umefika Wapi

Saa kumi na mbili kasorobo simu ya mezani inalia,
ile nyeusi ambayo Fabricio anataka kuing'oa.
Ni Delmira, wa mtaa wa bondeni, nyuma ya kiwanda cha ngozi.
Hana salamu. Anauliza tu, "Mto umefika wapi?"
Namsomea kikaratasi:
mita tatu na sentimita themanini, unapanda polepole.
"Polepole ya jana au polepole ya leo?"
Hapo ndipo najua mwandishi hasa ni nani kati yetu.

Hapa Paysandú mto si mandhari.
Ni mpangaji mwenzetu asiyelipa kodi:
akichelewa kurudi, twalala kwa raha;
akirudi amelewa, huondoka na magodoro.
Gazeti lilinipa safu yake nikiwa na miaka ishirini na miwili:
mistari miwili, ukurasa wa pili, chini ya bei ya ng'ombe,
bila jina langu.

Nimeandika mengine pia, usinione hivi.
Nimeandika migomo, nimeandika meya na lami yake ya karatasini,
nimeandika tanzia za watu niliowadai pesa
nikawapamba kama maharusi.
Kinachoniamsha usiku ni namba.
Mwaka wa mafuriko niliandika nne nukta tano
pahali pa tano nukta nne.
Vidole vilipishana tu, kama watu wawili mlangoni.
Wilmar Echenique, fundi wa akodiani, aliniamini,
akazima taa, akalala.
Akodiani kumi na moja ziliamka zimevimba,
hazikutoa sauti tena ila kikohozi.
Tuliomba radhi kesho yake. Mistari miwili.
Chini ya bei ya ng'ombe.
Hakunishtaki. Aliniletea ankara ya kitu kimoja:
yerba aliyoinywa juu ya paa akisubiri maji yatoke.
Nililipa. Risiti ninayo.

Siku hizi ukutani pana skrini
inayohesabu macho.
Paka aliyekwama kwenye bomba: macho elfu tisa.
Bomba lenyewe, linalomwaga uchafu mtoni: arobaini na moja.
Fabricio ni kijana mwema, huniletea biskuti.
"Mzee, anza na paka, kisha penyeza bomba."
Nilijaribu. Walisoma hadi mkiani mwa paka,
wakashuka.

Nami si mtakatifu.
Juzi, kwenye foleni ya mkate, kidole kinasugua kioo,
vita, viatu, vita, mtoto anayecheza dansi,
nikafika kaunta nimesahau nilichotaka.
Nilikuwa nimeiona dunia nzima
na sikumwona muuza mkate kanyoa masharubu.
Mimi! Ninayelipwa kuona.

Basi nashuka. Kila alfajiri, chupa ya chai kwapani,
hadi bandarini, kwenye nguzo yenye mistari.
Mtambo wa kupimia upo, simu yangu hujua kabla yangu,
lakini mtambo haujui tope hunuka vipi
maji yakiwa na nia.
Nainama, nasoma, nasoma tena,
naandika kwa maneno kisha kwa tarakimu,
kama hundi.

Tangu Agosti Delmira hapigi.
Mpwa wake amemhamishia Montevideo, ghorofa ya saba.
Jumanne simu nyeusi ililia, nikaidaka kabla haijalia tena.
Alikuwa mtu wa kampuni, anataka kujua
kama sasa tuko tayari laini ikatwe.
Nikamwambia: mita nne na sentimita kumi,
unapanda.
Akanyamaza kidogo.
"Polepole?" akauliza.